Utaendaje, Nitaendaje

Jioni hii nimekuja na habari ya filamu moja ya Kigujarati, na nitaanza na jina lake kwa sababu limenikalia kichwani wiki nzima. Inaitwa Kevi Rite Jaish. Ilitoka katikati ya Juni 2012, mwongozaji wake ni Abhishek Jain, na inasimulia familia ya akina Patel wa mji wa Ahmedabad ambao usiku na mchana wanawaza jambo moja tu, kufika Marekani.

Niliitazama kwa jirani yangu hapa Upanga, mama mmoja mtu mzima ambaye Kigujarati ndicho alichokinyonya. Mimi kwa Kigujarati najua kusalimia na kushukuru chai, basi. Tukakaa sebuleni, feni inazunguka, sahani ya vitafunio vya chevda katikati yetu. Kabla hajabonyeza kitufe nikamwambia, "Mama, hebu kwanza nieleze jina."

"Kevi rite ni kwa namna gani, kwa njia gani," akasema. "Jaish ni kwenda. Siku za mbele."

"Anayekwenda ni nani? Ni nitaendaje, au ni utaendaje?"

Hapo akasita. Mtu aliyekulia ndani ya lugha hajiulizi maswali kama hayo. Akalitamka neno polepole mara mbili tatu, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi, kisha akasema, "Ni yote mawili, mwanangu. Mimi nikisema nitakwenda nasema jaish. Nikimwambia mtoto wangu wewe utakwenda, ni jaish vilevile. Utajua kwa kumtazama anayesema na anayeambiwa."

Msikilizaji, Kiswahili hakitupi nafasi hiyo. Kitenzi chetu hakitoki mlangoni bila kumtaja mwenye safari. Nitakwenda, utakwenda, atakwenda: lazima uchague, na ukishachagua umejulikana. Mgujarati anaweza kuuliza swali hili watu wakiwa wanakula, baba akawa anamaanisha mwanawe, mwana akadhani anajisemea mwenyewe, na miaka ikapita bila yeyote nyumbani kutambua kwamba hamu ni ya mmoja na miguu ni ya mwingine. Kwangu mimi filamu nzima imo ndani ya neno hilo moja.

Baba katika hadithi hii ni Bachubhai, na anayemwigiza ni Kenneth Desai. Huyu ni mtu ambaye Marekani ilimponyoka ujanani. Wenziwe wa ukoo na wa rika walipata, yeye akabaki. Hakubaki maskini wa kutupwa, hapana. Ana nyumba, ana familia, ana heshima yake mtaani. Lakini amebaki na jambo ambalo halikuisha, na jambo lisiloisha hutafuta mtu wa kulibeba. Mbebaji ni Harish, mwanawe, ambaye anaigizwa na Divyang Thakkar. Harish anapaswa kwenda. Akishafika atafute mahali katika biashara ya moteli kama Patel wengine, na siku moja jina la nyumba yao litatajwa harusini kwa sauti ya juu.

Ni filamu ya kuchekesha, ni tashtiti kutoka mwanzo. Inawacheka mawakala wa viza wenye ahadi nyingi, inaicheka foleni ya ubalozi, inamcheka mgeni aliyetoka ng'ambo na kila neno lake likageuka kuwa hekima. Mama jirani yangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya sari. Nilichokipenda ni kwamba kicheko chenyewe ni cha ndani ya nyumba. Jain anawacheka watu wake kama mtu anavyomcheka kaka yake mkubwa, akijua kwamba kesho watakula sinia moja.

Na kulikuwa na ushujaa katika kuitengeneza filamu kama hii mwaka 2012. Sinema ya Kigujarati ina umri mrefu. Filamu yao ya kwanza yenye sauti, Narsinh Mehta, ni ya mwaka 1932. Lakini kwa miongo mingi baadaye ilishika njia ya kijijini: vilemba, farasi, ngano za mashujaa, wapendanao wanaotenganishwa na koo. Waigizaji Upendra Trivedi na Snehlata walipendwa sana kwa michezo hiyo, na sina neno baya juu yake. Ila kijana wa Ahmedabad au wa Surat hakujiona humo. Yeye alikwenda kutazama filamu za Kihindi kutoka Mumbai, na Kigujarati akakiacha kwa ajili ya tamthilia za jukwaani na mazungumzo ya nyumbani. Kisha akaja Jain na kamera yake ikaingia mjini, kwenye skuta, kwenye vibanda vya chai, kwenye Kigujarati kile kile kinachosemwa barabarani. Watu wakarudi kwenye majumba ya sinema kusikiliza lugha yao. Miaka 2 baadaye Jain akatoa Bey Yaar, wengine wakafuata, na mwaka 2019 filamu ya Kigujarati iitwayo Hellaro ikapewa tuzo ya taifa ya India ya filamu bora. Mlango huo ulisukumwa na hadithi ya watu wanaotaka kuondoka. Nimelifikiria sana jambo hilo. Lugha ilirudishwa nyumbani na filamu ya watu wenye macho nje.

Sasa, hawa Patel ni nani? Wengi wetu tumelisoma jina hilo kwenye vibao vya maduka tangu utotoni, Mombasa, Kampala, Moshi, Dodoma. Asili yake ni cheo cha mkuu wa kijiji, mwenye dhamana ya ardhi na kodi. Kitovu chao kimojawapo ni Charotar, nchi iliyo kati ya mito Sabarmati na Mahi, yenye miji ya Anand na Nadiad. Ni nchi yenye rutuba. Tumbaku inakubali, ndizi zinakubali, na ushirika wa maziwa wa Amul, unaojulikana India nzima, ulianzia Anand mwaka 1946. Nasema hivi ili msikilizaji asidhani kwamba ndoto ya Bachubhai ni ndoto ya njaa.

Njaa iliwahi kuwapo. Mwaka 1899 mvua zilikatika, na wazee wa Gujarati bado wanaliita janga lile Chhappaniyo, yaani la hamsini na sita, kwa kuwa kwa kalenda yao ulikuwa mwaka 1956. Watu walikufa, ng'ombe walikufa, na waliosalia wakatazama bahari. Wakati ule ule, upande huu wa bahari, Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kazi iliyoanza 1896 na kufika ziwani 1901. Wajenzi wengi walitoka Punjab. Kutoka Gujarati walikuja wafanyabiashara, makarani, walimu, na baadaye mabwana stesheni. Kabla ya hapo Wagujarati walikuwa wameshazoea Zanzibar kwa karne nyingi, na tumewapa na kupokea hata maneno. Bepari wetu ni mfanyabiashara wao, na laki yetu ni laki yao.

Watu hawa wana methali ya kale ya mabaharia, kwamba aendaye Java harudi, na akirudi huja na mali ya kutafunwa na vizazi. Baadaye Java ikawa Afrika ya Mashariki. Katika vijiji vya Charotar, Dharmaj, Sojitra, Bhadran, zilisimama nyumba za ghorofa zenye milango ya kuchongwa, zilizojengwa kwa shilingi za Kampala na Nairobi. Kwa hiyo Afrika ndiyo ilikuwa Marekani ya babu zao. Kijana aliyekuwa na mjomba Jinja alitazamwa kama anavyotazamwa leo mwenye mjomba New Jersey, na wenye mabinti walimwulizia.

Hapo kwenye mabinti ndipo penye kiini, naomba tutulie hapo. Vijiji sita vikubwa vya Charotar vilifanya duara lao la kuoana, na duara kama hilo wao wanaliita gol. Kila familia ilitaka kumwoza binti yake juu kidogo ya ilipo, na mahari huko hutolewa na upande wa binti. Katika mpango wa namna hiyo kila kitu hupimwa: ardhi, nyumba, elimu, jina. Ng'ambo ilipoingia kwenye mzani ikazidi vyote. Bwana harusi mwenye kibali cha kuishi Marekani alipanda ghafla juu ya mwenye shamba la ekari nyingi. Ndugu aliyebaki hakupoteza kitu chochote alichokuwa nacho jana, ila leo yuko chini ya mwenzake. Ndiyo maana nasema ugonjwa wa Bachubhai hauna dawa ya pesa. Hata angetajirika pale pale Ahmedabad, yule mwenzake aliyekwenda bado angekuwa amekwenda.

Njia ya kwenda ilifunguka 1965, Marekani ilipobadili sheria yake ya uhamiaji na kuacha kuwabagua watu wa Asia. Sheria ile ilimruhusu raia kuwaita ndugu zake wa tumbo moja pamoja na wake, waume na watoto wao wadogo. Kaka akamwita dada, dada akamwita shemeji kwa njia yake, shemeji akaita wa kwao. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Wengi walikwenda Uingereza, wengine Kanada na India, na baadhi wakafika Marekani wakiwa na ujuzi wa biashara na mtaji kidogo wa kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda, Wamarekani wakapunguza safari za magari, na wenye moteli ndogo za kando ya barabara kuu wakawa wanaziuza kwa bei nafuu. Akina Patel wakanunua.

Leo karibu nusu ya moteli zote za Marekani ni za watu wenye asili ya India, na sehemu kubwa yao ni Wagujarati. Watu wakilitaja hilo husema ni akili ya biashara. Ipo akili, lakini ipo pia hesabu nyingine ambayo haisemwi harusini. Familia inahamia kwenye vyumba viwili nyuma ya mapokezi, kwa hiyo haina kodi ya nyumba. Mke anatandika vitanda na kusugua vyoo, kwa hiyo hakuna mshahara wa mhudumu. Mtoto anafanya kazi za shule kwenye meza ya mapokezi, na kengele ikilia saa nane za usiku baba anaamka na kandambili zake. Faida ya moteli inatoka kwenye migongo hiyo. Mgeni akirudi kijijini Desemba na zawadi zake hazungumzii mashuka ya watu.

Hapa ndipo nilipoitaka filamu iende mbele zaidi. Moyo wake uko Ahmedabad, kwa wanaotamani, na chumba kile cha nyuma ya mapokezi tunakihisi kwa mbali tu. Anayetaka kukiona na aitafute Mississippi Masala ya Mira Nair, ya mwaka 1991. Ile inaanzia Kampala yetu hii, familia ya Kigujarati inafukuzwa, kisha tunaikuta miaka mingi baadaye ikiishi kwenye moteli ya jamaa zao katika mji wa Greenwood, Mississippi. Baba wa humo, anayeigizwa na Roshan Seth, naye ana ndoto iliyomshika koo, ila yake imegeukia upande wa pili. Anataka kurudi Uganda. Anaandika barua baada ya barua kudai mali yake, na binti yake anakua pembeni ya barua hizo. Ukizitazama filamu hizi mbili kwa kufuatana, utaona wanaume wawili wanaishi nyumba ambazo mioyo yao haimo.

Kuna neno moja niliomba kuelezwa kila liliposikika, kwa sababu mama alikuwa analisema kwa uzito wa pekee. Neno ni faili. Huko Gujarati mtu akisema faili letu linatembea, kila mtu anaelewa. Maana yake ndugu aliyeko Marekani ameomba aitwe, karatasi zimepokelewa, na sasa familia imo kwenye foleni. Foleni yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayofanya nyumba iwe chumba cha kungojea. Kwa mwaka Marekani inatoa viza 65,000 tu kwa ndugu wa raia wake, dunia nzima. Tena hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza zote za kifamilia na za kazi. Nchi yenye watu wengi kama India inabanwa hapo, na ndugu anaweza kungoja zaidi ya miaka 15. Faili linafunguliwa mtoto yuko darasa la kwanza. Linaiva ameshavuka miaka 21, na mtoto aliyevuka 21 anaweza kukatwa kwenye faili la wazazi wake. Baba anapewa ruhusa ya kwenda akiwa na mvi, na yule ambaye safari iliandaliwa kwa ajili yake anabaki uwanja wa ndege akipunga mkono.

Hebu fikiria maisha ya kungoja hivyo. Je, ukarabati paa? Ununue shamba la jirani linalouzwa? Umwache kijana afungue karakana aliyoipenda, au akae tu na simu karibu? Ahmedabad, katika mitaa ya kale ya Khadia, kuna hekalu la Hanuman ambalo watu wanaliita la viza. Waumini wanakwenda na pasipoti zao, wanaomba mbele ya sanamu. Mama aliniambia habari zake bila kutabasamu, nami sikutabasamu. Mtu aliyengoja miaka 10 karatasi ya ofisi isiyomjua ana haki ya kuomba popote panapomsikiliza.

Nikamwuliza yeye mwenyewe kama aliwahi kuwa na faili.

Akasimamisha filamu. Baba yake, alisema, alikuja Dar es Salaam miaka ya 1930 kutoka kijiji cha karibu na Anand, akalala juu ya deki ya meli kutoka Bombay na sanduku la bati chini ya kichwa. Alifanya kazi kwenye duka la watu, akapata lake. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, ndugu zake mama huyu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, huyu Leicester, huyu Toronto, kaka mkubwa akafika Texas. Huyo wa Texas alipopata uraia akamfungulia faili. Kwa kuwa yeye alizaliwa hapa, foleni yake ilihesabiwa kwa Tanzania, ambayo ni fupi kuliko ya India. Hata hivyo alingoja zaidi ya miaka 10.

"Kila harusi," akasema, "kila msiba, mtu ananiuliza utakwenda lini. Na mama yangu ndiye aliyekuwa akiniombea usiku na mchana. Alikuwa akisema nikifika mimi kule, watoto wake wote wako salama."

"Barua ikaja?"

"Ikaja. Nimeiweka kabatini, ipo."

"Hukwenda kwa nini, mama?"

Akachukua chevda kidogo, akaitafuna taratibu. "Aliyekuwa anataka niende ni mama. Ilipokuja barua, mama ameshafariki. Nikakaa kitandani nimeishika, najiuliza sasa nani anakwenda."

Sikuwa na la kujibu. Akabonyeza kitufe, Harish akaendelea kuhangaika, tukaendelea kutazama.

Lakini kicheko changu kilikuwa kimepungua, na sababu nyingine ya kupungua ni kwamba filamu hii ni ya mwaka 2012 nami nimeitazama nikijua yaliyofuata. Mlango wa faili ukiwa mwembamba kiasi hicho, watu hutafuta dirisha. Dirisha lina wakala, na wakala ana bei ya malaki ya rupia, na malaki hayo yanatoka kwenye shamba linalouzwa au dhahabu ya mke. Tarehe 19 Januari 2022, karibu na mji wa Emerson nchini Kanada, askari walikuta maiti za watu wanne kwenye theluji, hatua chache kutoka mpaka wa Marekani. Walikuwa familia moja, mume, mke na watoto wao wawili, kutoka kijiji cha Dingucha huko Gujarati. Usiku ule baridi pamoja na upepo ilihisiwa kuwa nyuzi 35 chini ya sifuri. Walikuwa wameambiwa watembee. Novemba 2024 baraza la mahakama huko Minnesota likawatia hatiani wanaume wawili kwa kuwasafirisha watu kwa magendo. Huko Dingucha waandishi wa habari walikuta kuta za kijiji zimeandikwa matangazo ya vyuo vya Kanada na Uingereza.

Desemba 2023 ndege iliyotoka Fujairah kuelekea Nicaragua ilizuiwa kwenye uwanja wa Vatry, Ufaransa, ikiwa na abiria 303, karibu wote Wahindi, na wengi wao walipandishwa tena kurudishwa Mumbai. Februari 2025 ndege ya kijeshi ya Marekani ilitua Amritsar na Wahindi 104 waliofukuzwa, wengi wakiwa wamefungwa pingu safarini. Kati yao 33 walitoka Gujarati. Jimbo la Amul, jimbo la viwanda vya almasi vya Surat, jimbo ambalo viongozi wa India hulitaja kama mfano wa maendeleo.

Sitaki mtu anielewe kwamba kuondoka ni kosa. Nani kati yetu ana mdomo wa kusema hivyo? Pwani hii yetu imejengwa na watu walioondoka mahali. Mama huyu ninayekaa naye sebuleni asingekuwepo kama baba yake hakulala kwenye deki ile, na mimi nisingejua ladha ya chevda. Mzazi kumtakia mwanawe mema pia si kosa, wala sidhani kwamba Bachubhai hampendi Harish. Anampenda, ndiyo sababu inauma. Ninachokiogopa ni ile nyumba ambayo swali la namna ya kwenda limeulizwa mara elfu, na swali la nani anayetaka kwenda halijaulizwa hata mara moja. Nyumba hizo nimeziona kwetu pia. Nimemwona kijana wa mtaani kwangu aliyejazwa na wazazi wake fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani mwaka baada ya mwaka, picha ya pasipoti mpya kila Oktoba, naye akiwa fundi mzuri wa friji ambaye hakuna aliyemwuliza kama anaipenda kazi yake. Anaipenda. Nilimwuliza mimi, akaniambia anaipenda, akatazama pembeni kama aliyeungama jambo.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ya kiambishi kile kidogo. Mtoto akisikia utaendaje, anaweza kusimama hapo hapo akasema, mimi? Harish hakupewa nafasi hiyo na lugha yake, ilimbidi aitafute kwa filamu nzima. Jinsi alivyoipata sitawaambia, kwa sababu nawaomba muitafute muitazame, hata kama ni kwa maandishi ya chini, na ikiwezekana mkae na mtu anayekijua Kigujarati. Wako wengi miongoni mwetu. Gongeni mlango.

Ilipokwisha ilikuwa inakaribia saa nne za usiku. Mvua ilikuwa imeanza bila sisi kuisikia kwa sababu ya feni, na ilipozimwa tukasikia maji yanavyopiga mabati ya gereji ya chini. Nikavaa viatu, nikamshukuru, nikamwambia nahitaji kupita Kariakoo kwanza kabla ya kurudi kwangu. Akanifuata mpaka kwenye ngazi na mwavuli mkononi. Akatazama nje gizani, akatazama viatu vyangu, akaniuliza kwa Kigujarati kama mtu anavyomwuliza mtoto wake kila siku, bila kuwaza filamu yoyote.

"Kevi rite jaish?"

"Bajaji, mama," nikasema. "Nitapanda bajaji."

Akanipa mwavuli.